UZI: Bomba la maji linaganda mahali pamoja tu. Patafute kabla baridi kali haijapafika

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Baridi kali ikikaribia, maswali yanakuwa yale yale: maji yamekata jikoni, bafuni yanatoka, tatizo nini? Mtu akifika kwenye swali hilo, bomba limeshaganda. Mimi ni fundi bomba, na kwa miaka mingi nimefanya kazi kwenye maeneo ambayo nje hukaa chini ya sifuri wiki nzima. Inaniuma kila nikiitwa kwenye nyumba ambayo dari limeanguka kwa maji, wakati kazi ya nusu saa mwezi mmoja kabla ingetosha kuliokoa. Naandika yote hapa. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Nianze na kinachopasua bomba, kwa sababu ukikielewa hicho, mengine yote unaweza kuyafikiria mwenyewe.

Maji yakiganda yanatanuka kwa takribani asilimia 9. Wengi wanalijua hilo, kisha wanadhani barafu inalipasua bomba pale pale ilipo kwa kulisukuma kutoka ndani. Mara nyingi haiendi hivyo. Barafu ikikua inakuwa kizibo. Upande mmoja wa kizibo, maji yana njia ya kurudi kuelekea bomba la mtaani. Upande wa pili yamefungiwa kati ya kizibo na koki uliyoikaza. Barafu inaendelea kukua, maji yale hayana pa kwenda, nayo hayakubali kushindiliwa, kwa hiyo presha inapanda. Kwenye nyumba nyingi presha ya kawaida ni bar 3 hadi 4 (bar ni kipimo cha presha). Kwenye maji yaliyofungiwa namna ile inaweza kupita bar 100. Bomba linaachia pale lilipo dhaifu: kwenye kiungo, kwenye kona, au kama ni la shaba linachanika kwa urefu. Ndiyo maana ufa unaweza kuukuta mbali na palipoganda, hata kwenye chumba chenye joto zuri tu.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini koki inayodondosha inaokoa bomba hata barafu ikiwa imeshaanza kujijenga. Presha inapata pa kutokea.

Jambo la pili ambalo watu hawalitarajii: bomba lililopasuka halivuji likiwa bado limeganda. Barafu inaziba njia, maji ya mtaani hayaufikii ufa. Linavuja likiyeyuka, yaani siku hali ya hewa imetulia, watu wameenda kazini, kila mtu anaona hatari imepita. Ufa wa milimita 3 unaweza kumwaga zaidi ya lita 900 kwa siku moja.

---

Mleta uzi

Sasa, ni baridi kiasi gani ya kuogopa?

Maji yanaganda kwenye nyuzi 0, ila bomba la ndani ya nyumba haligandi mara tu nje ikifika 0, kwa sababu nyumba ina joto lake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walilipima jambo hili miaka ya 1990 kwa mabomba yasiyofunikwa yaliyopita darini, wakaona hatari inaanza nje ikishuka hadi karibu nyuzi 7 chini ya sifuri (hiyo ni 20 kwa Farenhaiti). Namba hiyo ichukue kama kengele ya kukuamsha. Usiitegemee kama ukuta, kwa sababu kuna upepo.

Upepo hauwezi kulifanya bomba liwe baridi kuliko hewa yenyewe ilivyo. Kinachofanyika ni kwamba unaliibia joto haraka mno. Bomba lililokaa kwenye hewa tulivu ndani ya ukuta linaweza kuchukua usiku mzima kupoa. Ukiwepo mwanya wa upana wa kidole unaopitisha upepo moja kwa moja juu yake, linaganda mapema sana, na pale pale kwenye mwanya. Ukinilazimisha nichague kazi moja tu ya kufanya kwenye nyumba kabla ya baridi, nitaziba mianya, na sponji ya kuvisha bomba nitaiacha baadaye.

Mnakumbuka Texas, Februari 2021. Zaidi ya nyumba na biashara milioni 4 zilikatikiwa umeme, mabomba yakapasuka kila kona ya jimbo, na mamilioni ya watu wakaambiwa wachemshe maji kabla ya kunywa. Halafu angalia Yakutsk, Siberia, ambako wastani wa Januari unakaribia nyuzi 40 chini ya sifuri. Kule ardhi ya chini imeganda mwaka mzima, kwa hiyo mabomba hupitishwa juu ya ardhi, yakiwa yamefungwa vizuri, na watu wanaishi. Baridi ya Texas haikufika hata karibu na ile ya Yakutsk. Tofauti ni kwamba nyumba nyingi za Texas zina mabomba yanayopita darini na kwenye kuta za nje bila kufunikwa, kwa kuwa aliyejenga aliwaza joto. Kwa hiyo unapoangalia utabiri wa hali ya hewa, jiulize pia nyumba unayokaa ilijengwa kwa ajili ya baridi ipi.

---

Mleta uzi

Namna ya kupatafuta mahali penyewe.

Anza pale bomba linapoingia nyumbani, lifuate kwa macho na kwa mkono hadi kila koki. Unatafuta sehemu linapogusa au kupita karibu na nje: ukuta wa nje, chini ya sakafu iliyoinuliwa, darini, gereji, stoo isiyo na hita. Kwenye nyumba nyingi utapata sehemu mbili tatu tu. Nyingine zote ziko salama, usizihangaikie.

Sinki la jikoni lililoegemea ukuta wa nje ndilo linaloongoza, kwa uzoefu wangu. Fungua kabati la chini, toa sabuni na ndoo zote, ingiza mkono hadi nyuma kabisa pale mabomba yanapotokea ukutani. Utakuta aliyetoboa alitoboa tundu kubwa kuliko bomba, kisha akaweka kile kibati cha mviringo kuficha. Kivute kibati. Siku yenye upepo, shika kipande chembamba cha karatasi ya chooni mbele ya tundu. Kikipepea, umepapata. Hewa inatoka nje, inapita ndani ya ukuta, inatokea hapo, na bomba lako limesimama katikati ya njia yake. Ziba kwa povu la kupuliza au silikoni, na usiishie ndani tu. Toka nje utafute inakoingilia: tundu la waya wa simu au umeme, ufa kati ya msingi na ukuta, kitundu cha zamani ambacho kifaa chake kiliondolewa.

Kwenye nyumba yenye ghorofa ya chini ya ardhi, angalia pale mbao za sakafu zinapokaa juu ya msingi. Mstari ule wote kuizunguka nyumba hupitisha hewa, na mafundi wengi wanapitisha bomba hapo hapo.

Kisha sponji. Sponji ya bomba au sufi ya kioo haitengenezi joto, inachelewesha tu lililopo lisiondoke. Bomba lisilopata joto kutoka popote litaganda hata ulivishe tabaka tano, litachelewa tu. Kwa baridi ya usiku mmoja, kuchelewa huko kunatosha kabisa. Kwa baridi ya siku nne mfululizo hakutoshi, unahitaji chanzo cha joto.

Na hapa kuna kosa ninalolikuta karibu kila msimu: mtu amejaza sufi ukutani, lakini ameiweka kati ya bomba na chumba. Bomba limebaki upande wa baridi, na joto la chumba limezuiwa lisilifikie. Sufi inatakiwa ikae nyuma ya bomba, upande wa nje, na upande wa chumba uachwe wazi ili joto liingie. Darini ni hivyo hivyo: bomba lilale chini ya sufi, karibu na dari la chumba, sufi ilifunike kwa juu kama blanketi. Kama kuna tangi la maji huko juu, funika juu na pembeni, chini yake usiweke sufi, acha joto la chumba lipande.

Pale joto lisipofika kabisa kuna waya wa kupasha bomba, unaochomekwa kwenye umeme. Nunua ule unaojirekebisha wenyewe kulingana na baridi, kwa sababu ule wa kawaida ukiupitisha juu yake wenyewe unaweza kuungua. Chomeka kwenye soketi inayojikata umeme ukivuja. Soma maelezo ya mtengenezaji kuhusu aina ya bomba na kama inaruhusiwa kuufunika na sponji. Kila mwaka ukague kabla ya kuuwasha. Ganda likiwa limechubuka, tupa, nunua mwingine. Hili silitanii hata kidogo, nyumba zimeungua kwa nyaya hizi.

Thamostati, yaani kifaa cha kupangia joto la nyumba: usishushe chini ya nyuzi 13, mchana na usiku, hata kama hakuna mtu nyumbani. Usiku wa baridi kali usiishushe kabisa ili kuokoa bili. Usiku ndio nje inafika chini zaidi na maji hayatumiki.

---

Mleta uzi

Mawili ya mwisho kabla sijapokea maswali.

Koki ya nje, ile ya bustani: toa mpira. Kuna koki ndefu zilizotengenezwa kwa ajili ya baridi, ambazo mahali pake pa kufungia pako ndani ya nyumba, sentimita 15 hadi 30 nyuma ya ukuta, na ukizifunga maji yaliyobaki yanachuruzika nje. Nzuri sana, ila ukiacha mpira umefungwa maji hayachuruziki, yanabaki ndani, yanaganda, na koki inapasuka ndani ya ukuta. Hujui lolote mpaka majira ya joto unapofungua kumwagilia na maji yanamwagikia ndani. Kama koki yako ni ya kawaida, tafuta valvu yake ndani ya nyumba, ifunge, kisha fungua ile ya nje ichuruzike na uiache wazi.

Koki kuu ya nyumba: leo hii, kabla hujalala, ijue iko wapi na ujaribu kuifunga. Ile ya mkono inafunga kwa robo mzunguko, haina shida. Ile ya gurudumu ikikaa miaka bila kuguswa inakwama, na siku ya mafuriko ndiyo siku utakayogundua. Ikikwama usiilazimishe kwa spana kubwa, mwite fundi aibadilishe kabla ya baridi. Waonyeshe wote wenye uwezo wa kuifunga, watoto wakubwa pia. Weka kitambaa chekundu juu yake.

Karibuni.

---

Kisima

Mkuu ubarikiwe, umeshusha nondo. Swali langu ni hilo la kudondosha. Nyumba yetu ina koki saba. Nidondoshe zote? Na matone kiasi gani? Naona uchungu kumwaga maji usiku kucha.

Mleta uzi

Si zote, ndugu yangu. Chagua ile iliyo mbali zaidi na pale maji yanapoingilia nyumbani, ili maji yatembee kwenye njia yote, na ile ambayo bomba lake linapita ukuta wa nje. Maji ya moto na ya baridi yote mawili, kwa sababu bomba la moto likikaa bila kutumika linapoa na kuganda kama lingine. Kama ni koki ya mkono mmoja, uweke katikati. Matone yanayofuatana yanatosha, si lazima mkondo.

Yanayodondoka yapokee kwenye ndoo, utayatumia kufulia au kusukumia choo. Ndoo inasaidia pia kwa jambo jingine: kama bomba la maji machafu linapita nje, matone madogo madogo yanaweza kuganda humo na kuliziba, kisha sinki likafurika.

Ila sikiliza matangazo ya mamlaka ya maji ya mji wako. Houston, Texas, mwaka 2021 wakazi waliombwa wasiache koki wazi, kwa sababu presha ya mji mzima ilikuwa imeshuka na hospitali zilihitaji maji. Hali ikiwa hivyo, funga koki kuu, fungua koki zote maji yaishe ndani ya mabomba. Bomba tupu halipasuki.

---

Mama Tunu

Fundi, mimi niko kwenye tatizo sasa hivi. Jikoni hayatoki tangu asubuhi, moto wala baridi. Bafuni yanatoka. Nje ni nyuzi 19 chini ya sifuri. Nimechemsha maji kwenye birika, niyamwage wapi?

Mleta uzi

Mama Tunu, weka birika chini kwanza. Maji yanayochemka kwenye bomba lililoganda yanaweza kulipasua papo hapo, na wewe yatakuunguza.

Fanya hivi kwa mpangilio. Fungua koki ya jikoni, moto na baridi, uziache wazi. Hakikisha unajua koki kuu ilipo na kuna mtu anaweza kuifikia, maana barafu ikiyeyuka ndipo tutajua kama bomba lilipasuka. Fungua kabati la chini, toa kila kitu, angalia bomba kwa tochi. Unatafuta ukungu mweupe wa barafu kwa nje, au sehemu iliyovimba. Ukiona ufa au uvimbe, usipashe kitu, funga koki kuu, uniambie.

Mama Tunu

Hakuna ufa. Kuna weupe kwenye kona pale linapoingia ukutani, kama urefu wa kiganja. Mkono unaganda ukiligusa. Na kuna upepo, nausikia kwenye vidole.

Mleta uzi

Umepapata. Una draya ya nywele? Kama ipo, kausha sakafu kwanza, usisimame kwenye maji ukiwa umeshika kitu cha umeme. Anza kupasha upande wa koki, sogea taratibu kuelekea ukutani. Usianze palipoganda katikati. Ukiyeyusha katikati kwanza, maji na mvuke vinafungiwa kati ya barafu mbili, na tumerudi kwenye ile presha niliyoieleza juu. Ukianza upande wa koki, kinachoyeyuka kinatoka.

Usiielekeze draya sehemu moja, ipeleke mbele na nyuma. Kama huna draya, loweka taulo kwenye maji ya vuguvugu, kamua, zungushia bomba, badilisha likipoa. Na ziba huo mwanya kwa nguo kwa sasa.

Jongoo

Mama, hapo mwite mtu mwenye tochi ya gesi ya kuchomelea. Nimeona jamaa anafanya, dakika mbili maji yanatoka.

Mleta uzi

Jongoo, nakuheshimu, lakini hapana, na naomba yeyote anayesoma asifanye hivyo. Nyuma ya lile bomba kuna mbao kavu, karatasi na vumbi la miaka. Moto unaweza kuwaka taratibu ndani ya ukuta bila mtu kuuona, halafu unakuja kutokea usiku. Pia mwali unachemsha maji yaliyofungiwa ndani, mvuke unalipasua bomba usoni kwako. Na kwenye viungo vya shaba, risasi ya kuungia inayeyuka. Moto wa wazi usikaribie bomba lililoganda, iwe tochi, mshumaa au jiko.

Jongoo

Nimeelewa mkuu. Sikuwaza habari ya ndani ya ukuta.

Mama Tunu

Fundi! Imechukua kama saa moja. Koki ilianza kukohoa, ikatema hewa, yakatoka matone, sasa yanatoka vizuri ya baridi. Ya moto yanatoka kidogo tu.

Mleta uzi

Safi sana mama. Usiifunge koki, maji yanayotembea yanamalizia kazi. Endelea na draya kwenye bomba la moto mpaka mkondo ulingane. Kisha chukua karatasi kavu, pangusa kila kiungo, kona kwa kona, uangalie kama inalowa. Rudia baada ya saa moja. Angalia pia mita ya maji: funga koki zote kwa dakika chache, kama kisoma cha mita bado kinatembea, kuna mahali panavuja usipopaona, funga koki kuu uite fundi. Mita ikitulia, acha koki inadondosha usiku huu na milango ya kabati wazi. Kama una watoto wadogo, sabuni na dawa za kusafishia zipandishe juu.

Mama Tunu

Mita imetulia. Viungo vikavu. Mungu akuzidishie, nimeshapiga picha ile tundu, kesho naiziba.

---

Tarazo

Naomba kuuliza kuhusu safari. Nyumba itakaa tupu wiki tatu, kipindi cha baridi chenyewe. Niache hita inawaka au nizime kila kitu?

Mleta uzi

Hita acha inawaka, nyuzi 13 au zaidi. Ila hita inaweza kuzimika na umeme unaweza kukatika, kwa hiyo funga maji pia. Funga koki kuu, fungua koki zote kuanzia ya juu kabisa hadi ya chini kabisa maji yachuruzike, sukuma vyoo hadi matangi yabaki matupu. Mashine ya kufulia na ya kuoshea vyombo zina maji kwenye mipira yake, usizisahau.

Hita ya maji ya kuoga kwanza izime umeme au gesi yake. Usimwage maji yake ikiwa inawaka, itaungua. Kama hita ya nyumba inatumia maji kwenye redieta (vile vyuma vya ukutani vya kupasha chumba), hayo ni mabomba mengine kabisa, usiyaguse bila fundi. Jengo likiwa na mfumo wa kunyunyizia maji wakati wa moto, uliza kabla ya kufunga lolote.

Ukiamua kuzima na joto pia, kumbuka ile kona ya chini ya kila sinki inayobaki na maji ili kuzuia harufu, na maji yaliyo kwenye bakuli la choo. Nayo yanaganda na kupasua. Mimina humo dawa ya kuzuia kuganda iliyotengenezwa kwa propilini glaikoli, inayouzwa mahsusi kwa mabomba ya nyumba. Ile ya gari usitumie, nyingi ni ethilini glaikoli, na hiyo ni sumu kali kwa watu na wanyama.

Na mwachie jirani ufunguo. Mtu anayeingia kila baada ya siku moja au mbili akasikiliza tu kama kuna maji yanatiririka ana thamani kubwa.

---

Kapera

Sisi wapangaji je? Siwezi kupuliza povu kwenye ukuta wa mtu.

Mleta uzi

Kufungua makabati, kudondosha, kutoshusha joto, kufunga mlango wa gereji, na kuzuia mwanya kwa sponji isiyogundishwa, hayo huhitaji ruhusa. La tundu lenyewe mwandikie mwenye nyumba mapema, na picha, kwa maandishi. Muulize pia koki kuu iko wapi. Kwenye majengo ya ghorofa wakati mwingine iko kwenye chumba kilichofungwa, basi uwe na namba ya anayeshika ufunguo.

Kapera

Na umeme ukikatika usiku?

Mleta uzi

Nyumba iliyozibwa vizuri inashikilia joto saa kadhaa. Joto ndani likiwa linashuka kuelekea nyuzi 5 na hakuna dalili ya umeme kurudi, funga koki kuu, mwaga maji ya mabomba, kwanza ukiwa umejaza ndoo za kunywa na za choo. Wenye kisima na pampu msitegemee kudondosha, pampu haitafanya kazi.

Halafu naomba mnisikilize hapa. Usiwashe mkaa ndani, usiwashe jenereta ndani wala gereji hata mlango ukiwa wazi, usipashe nyumba kwa jiko la gesi. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Kwenye ile baridi ya Texas watu walikufa kwa hewa hiyo wakijaribu kupata joto. Bomba linanunuliwa lingine.

---

Mwambao

Kwangu kila kitu kimefunikwa, ndani kuna joto, lakini maji yalikata nyumba nzima mwezi Machi wakati baridi inapungua. Inawezekanaje?

Mleta uzi

Nyumba nzima ikikata kwa pamoja, fikiria bomba la chini ya ardhi kati ya nyumba na mtaa. Baridi inashuka ardhini polepole sana, na inaendelea kushuka wiki kadhaa hata baada ya hewa ya juu kupata joto. Majira ya baridi ya 2013 na 2014 mji wa Winnipeg, Kanada, ulipatwa na hilo: nyumba zaidi ya 2,000 zilikosa maji, na waliokuwa hatarini wakaagizwa waache koki moja ikitiririka mfululizo mpaka ardhi iyeyuke. Kwanza muulize jirani kama naye amekosa. Kisha piga simu mamlaka ya maji, hiyo si kazi ya draya. Kwa baadaye pima joto la maji ya baridi kwa kipimajoto cha kawaida. Yakiwa yanashuka siku hadi siku kukaribia nyuzi 3 au 4, ardhi imeshalifikia bomba. Na pale juu ya njia ya bomba usifagie theluji, theluji ni blanketi zuri la ardhi.

Kisima

Mabomba ya plastiki yale ya kupinda nasikia hayapasuki.

Mleta uzi

Yanavumilia zaidi, kwa sababu yanatanuka kidogo na kurudi. Viungo vyake vinapasuka. Plastiki ngumu ya kuunganishwa kwa gundi ndiyo dhaifu kuliko zote kwenye baridi, inavunjika kama kigae.

Mwambao

La mwisho fundi. Boila ya gesi, ile mashine ya kupasha maji na nyumba, imezima alfajiri, inatoa mlio wa kubwabwaja, maji yapo. Ni bomba pia?

Mleta uzi

Kwa dalili hizo nashuku ule mrija wa plastiki unaotoa maji ya mvuke kutoka kwenye boila kwenda nje. Ukiganda, maji yanarudi ndani, na boila inajizima yenyewe kwa usalama. Ufuate kwa nje, mara nyingi umeganda kwenye kona au kwenye mdomo. Hapa maji ya vuguvugu yanaruhusiwa, yamwage juu ya mrija kwa nje, yasiwe ya kuchemka, na angalia yasigande chini ukateleza. Kama mrija uko juu ukutani, usipande ngazi kwenye barafu, ita fundi. Ukisikia maji yametiririka, iwashe upya kwa kufuata kitabu chake. Isipowaka mara ya pili, iache, mwite fundi wa gesi. Siku ikiwa ya wastani, ubadilishe mrija huo uwe mnene na mfupi, uinamie kuelekea nje, na uuvishe sponji isiyopitisha maji.

Mwambao

Ulikuwa umeganda kwenye kona. Imewaka.